Mbwa wa kituo anayeng'ata wageni: umchukue nyumbani kwa muda au umlelee kulekule kituoni?

Umeenda kujitolea kwenye kituo cha mbwa wasio na mwenyewe, wiki mbili tatu hivi, na kuna huyu mmoja wa kizimba cha mwisho ambaye karatasi yake mlangoni imeandikwa kwa wino mwekundu ASISOGELEWE NA MGENI. Siku ya kwanza alirukia wavu mpaka ukarudi nyuma, siku ya tano akakunusa, siku ya kumi akaegemeza ubavu kwenye wavu umkune, na sasa ukiondoka anakusindikiza kwa macho mpaka unapotelea kwenye kona. Alafu mtu wa ofisini anakwambia "huyu kakukubali wewe tu, mbona usikae naye nyumbani kwa muda?" na moyo wako ushajibu ndio kabla kichwa hakijaanza kupiga hesabu.

Haya naandika kwa ajili ya hizo siku chache kabla hujasema ndio. Mi nimefanya yote mawili, mmoja nilimlea nyumbani kwangu na mwingine nilimlelea akiwa kulekule kizimbani karibu miezi mitano, na sioni kwamba moja ni upendo mkubwa na nyingine ni upendo mdogo. Ni kazi mbili tofauti kabisa, kila moja inampa mbwa kitu ambacho nyingine haiwezi kumpa, na ukichagua vibaya anayeumia ni yeye na huyo mtu atakayeng'atwa.

Jambo lenyewe liko hivi. Mbwa mkali kwa wageni sio mbwa mgumu kuishi naye, na hapo ndo penye mtego. Kwako wewe atakuwa mpole kuliko mbwa wote uliowahi kuwajua, atalala miguuni, atakufuata mpaka chooni, utamwonyesha kila mtu picha zake. Shida iko kwa kila mtu ambaye sio wewe. Na malezi ya muda ni ya muda, kuna siku atatakiwa kwenda kwa mtu mwingine moja kwa moja, na huyo mtu hata awe mwema vipi siku ya kwanza ni mgeni. Kwaiyo huyu mbwa hajakosa mtu wa kumpenda, ameshakupata wewe. Anachokosa ni kujua kwamba mgeni anaweza kugeuka kuwa mtu wake. Kila njia unayoifikiria ipime kwa hilo kwanza.

Kabla ya kuchagua njia, jua ni mbwa gani uliye naye

Hii karatasi ya wino mwekundu inaweza kuwa ya mbwa wawili tofauti kama usiku na mchana. Kuna anayekurukia wavu akiwa ndani ila ukimtoa nje kwa kamba anapita katikati ya watu kama hakuna kitu, huyo kinachomchemsha ni wavu wenyewe, kuona kitu asichoweza kukifikia wala kukikimbia, na nyumbani anaweza kukushangaza kwa utulivu. Na kuna aliyekaa kimya kizimbani, amejikunja kwenye kona, hanunguniki, wafanyakazi wanasema "huyu hana neno", kumbe amezima tu kwa hofu, na akishapata nyumba na nguvu zikimrudi ndo anaanza kusema anachofikiria kuhusu watu, kwa meno.

Kwaiyo usiulize "ni mkali?" Uliza aling'ata nani, wapi, mara ngapi, ngozi ilitoboka au haikutoboka, aliachia mwenyewe au alivutwa, na kabla ya hapo alitoa onyo gani. Kuna kipimo cha Ian Dunbar, daktari wa mifugo na mtu wa tabia za mbwa, chenye ngazi 6, na watu wengi wa mbwa wanakitumia: ngazi ya 1 ni vitisho bila meno kugusa mwili, ya 2 meno yamegusa ngozi lakini hayajatoboa, ya 3 ni tobo moja mpaka nne za ng'ato moja na zina kina kisichozidi nusu ya urefu wa jino la chonge, ya 4 zimezama zaidi ya nusu, ya 5 ni ng'ato nyingi za namna hiyo, ya 6 mtu amekufa. Mbwa wa ngazi ya 1 na 2 ana breki, hata kwenye hofu yake bado anachagua kutoumiza, na huyo mtu wa kawaida mwenye uangalifu anaweza kumlea. Ya 3 naomba usimchukue kama ndo mara yako ya kwanza. Kuanzia 4 kwenda juu hata kama kakulalia mapajani, hiyo sio kazi ya kujitolea nyumbani, na mtu wa kituo anayekubembeleza umchukue hakutendei haki wewe wala mbwa.

Na mengi ya haya ni hofu. Mbwa ana dirisha la kuzoea watu akiwa mdogo, kuanzia kama wiki ya 3 mpaka ya 14 hivi, akikua bila kuona watu wa kila aina katika kipindi hicho basi kila sura mpya baadaye ni jambo la kutisha, na aligundua zamani kwamba akitoa meno sura inaondoka. Yaani ukali umemsaidia. Ndo maana kumpiga au kumfokea akinguruma ni kosa baya sana, unamfundisha kunyamaza lakini hofu iko palepale, unabaki na mbwa anayeng'ata bila kusema. Kunguruma ni zawadi, mshukuru na umwondoe pale. Alafu omba apimwe na daktari wa mifugo kabla ya lolote, kwa sababu meno mabovu, masikio yenye usaha au nyonga inayouma inatosha kumfanya mbwa asitake mtu asiyemjua amkaribie.

Utulivu: nyumbani inashinda, tena kwa mbali

Hapa sitajifanya niko katikati. Kizimbani kuna kelele mchana kutwa, taa, harufu za mbwa wengine wenye hofu, milango ya chuma, na miguu ya watu asiowajua kila baada ya dakika chache. Mbwa mwenye hofu ya wageni kuwekwa mahali wageni wanapita siku nzima mbele ya uso wake na yeye hana pa kukimbilia, ni kama mtu anayeogopa maji alazwe ufukweni. Kila anayepita anamjaza kidogo, hatulii kabla mwingine hajapita, na mpaka saa tisa mchana ni mbwa aliyejaa pomoni, unafika wewe na mazoezi yako na huko ndani hakuna nafasi ya kitu kingine.

Kuna utafiti uliochapishwa 2019 wa mbwa 207 kwenye vituo vitano vya Marekani, walitolewa kwenda kulala nyumbani kwa watu usiku mmoja au miwili, wakapimwa kotizoli (ile homoni ya msongo) kabla, wakiwa nyumbani, na baada ya kurudi. Nyumbani ilishuka, na wakapumzika vipindi virefu kuliko kizimbani. Waliporudi ikapanda tena ikafika ilipokuwa mwanzo, haikuzidi pale. Mi hii ya mwisho ndo naipenda, kwa sababu watu wengi wanaogopa kumpa mbwa nyumba siku mbili alafu wamrudishe, wanaona ni ukatili. Kumbe ni likizo. Kwaiyo kama huna uhakika, usiruke moja kwa moja kwenye miezi mitatu, omba Ijumaa jioni mpaka Jumapili, nyumba ikiwa tupu, ulale naye chumba kimoja umsikie anavyokoroma.

Niliyemlea nyumbani, nitamwita Bobi, siku mbili za kwanza alilala tu. Nilikuwa naamka naenda kumwangalia kama anapumua. Mbwa yule kituoni walisema halali, anazunguka kizimba usiku kucha, na pale kwenye blanketi alikuwa amelegea miguu inachezacheza anaota.

Wageni: hapa kituo kinashinda, na watu hawategemei

Huyu mbwa dawa yake ni wageni. Wageni kwa dozi ndogo, kwa umbali anaoumudu, wengi tofauti, kwa mpangilio. Kanuni yake ni rahisi kusema: mtu anatokea mbali, mbwa anamwona, hapohapo kipande cha nyama, mtu akipotea na nyama imekwisha. Mtu kwanza alafu nyama, sio kinyume chake, maana ukianza na nyama atajifunza kwamba nyama ni dalili kwamba kuna mtu anakuja, na ataanza kuiogopa nyama. Ni ileile ya Pavlov, yule mwanasayansi aliyewazoesha mbwa wake mlio kabla ya chakula mpaka wakawa wanatokwa mate wakiusikia tu, ila hapa tunabadilisha moyo badala ya mate. Umbali ni ule ambao anamwona mtu na bado anaweza kula, kugeuza kichwa, kukuangalia. Akiganda, mdomo ukafunga, macho yakakaza mpaka ukaona weupe pembeni, umesogea mno, rudi.

Sasa hao wageni utawatoa wapi? Kituoni wapo wa bure. Kuna volantia wapya kila wiki, kuna wafanyakazi wa zamu, kuna uwanja mpana wa kumweka mtu mbali, na wote wanajua wasimtazame machoni, wasinyooshe mkono, wasimuinamie. Yule wangu wa kizimbani katika miezi mitano alifanya mazoezi na watu zaidi ya ishirini, wa rika zote, wenye kofia, wenye magongo. Bobi nyumbani kwangu mwezi wa kwanza alikutana na watu wangapi? Mimi tu, na nilikuwa najisifu kwamba ametulia sana.

Huo ndo utulivu wa uongo wa malezi ya nyumbani. Ukifunga milango, ukaacha kualika watu, ukamtembeza saa kumi na moja alfajiri ili usikutane na mtu, mbwa hapati shida yoyote, na wala haponi chochote. Miezi inapita, duara lake linazidi kubana, mwisho duniani mmebaki yeye na wewe. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, basi kwa huyu mbwa ni kweli neno kwa neno, wageni wasipokuja haponi.

Kwaiyo ukimchukua nyumbani, kubali toka siku ya kwanza kwamba sehemu ya kazi ni kutafuta watu. Uwe na orodha ya watu watano sita watakaokubali kusimama hatua thelathini kutoka kwa mbwa dakika kumi, waondoke, warudi tena keshokutwa, na wasiseme "mi mbwa wote wananipenda, niachie". Kama huna watu hao, kituo kitamsaidia kuliko sebule yako, japo analala vibaya.

Mlango wako

Watu wanapima mapenzi yao na ukubwa wa uwanja. Pima mlango. Kaa na karatasi wiki moja uandike kila anayeingia na kila anayegonga: mtoto wa jirani anayekuja kuchukua mpira, fundi, mama mkwe, msomaji wa mita, rafiki za mtoto wako, mtu wa kuleta mzigo, na wale wa kwenu wanaoingia bila hodi. Wanaoingia bila hodi wawekee duara. Nyumba yenye watu wanne kwa wiki wanaopiga simu kabla ni tofauti kabisa na nyumba yenye watu wanne kwa saa, na hakuna kiasi cha upendo kinachofuta tofauti hiyo.

Wenye watoto mnisamehe, hapa nasema wazi: kama kuna watoto wadogo wanaoishi hapo au wanaokuja kucheza hapo, mbwa huyu asije. Mtoto anakimbia, anapiga kelele, uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa, na mtoto husahau mlango wazi. Chukua njia ya kituoni, utasaidia vilevile.

Kama mlango wako ni mtulivu basi uwe na vizuizi viwili kila wakati, sio kimoja. Mlango wa chumba pamoja na kigeti, au kigeti pamoja na kamba iliyofungwa mahali pagumu. Kimoja kitashindwa siku moja, kitasa hakikushika, mtu kafungua akidhani ni chooni. Na mgeni akija mbwa awe ameshaingia chumbani kwake na mfupa wake kabla hodi haijapigwa, sio unamkokota kwa kola huku mtu amesimama mlangoni, hapo unampandisha mwenyewe.

Kilichotokea wiki ya tatu

Nikueleze vizuri kwa sababu nimekuja kujua baadaye kwamba hutokea hivihivi kwa wengi. Wiki mbili za kwanza Bobi alikuwa malaika na nikaanza kuamini kituo kilimsingizia. Watu wa mbwa wanasema siku 3, wiki 3, miezi 3, yaani siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuanza kujua ratiba, miezi mitatu ndo anajiona yuko kwake. Sio sheria, ni makadirio tu, lakini maana yake ni kwamba mbwa unayemwona wiki ya kwanza sio mbwa wako bado.

Shemeji akaja. Tulifanya kila kitu vizuri, walitembea nje kwanza kila mtu upande wake wa barabara, wakaingia, shemeji akakaa, hakumtazama, Bobi akamnusa viatu akaenda kulala kwenye blanketi. Nusu saa nzima. Tukasahau. Mimi ndo nilisahau, shemeji hakuwa na kosa, kamba nilikuwa nimeifungua mimi. Alafu simu yake ikaita kule mezani, akasema "ngoja Shem niichukue hiyo", akasimama.

Kusimama tu. Bobi aliinua kichwa, mdomo ukafunga, masikio yakalala nyuma, akaganda. Hakunguruma. Kama sekunde mbili hivi, ambazo mpaka leo nikifumba macho naziona, na mimi mdomo wangu ulikuwa bado unafunguka kusema "Shem kaa, usisogee" mbwa akawa ameshafika. Alishika mkono wa shati, ukachanika mpaka kwenye kiwiko, akaachia mwenyewe akarudi nyuma anatetemeka. Ngozi haikuguswa. Shemeji alikaa chini taratibu mwenyewe akasema "nipe maji kwanza", na mi nilikuwa natetemeka kuliko wote wawili.

Mbwa wengi wa aina hii mgeni aliyekaa wanamvumilia, wanachoshindwa ni mgeni anaposimama ghafla, anapotoka chooni, anapoinama kuvaa viatu, kwa sababu akilini mwao huyo ni mgeni mpya ameanza upya. Hilo usingelijua kituoni hata ukikaa mwaka, maana kituoni hakuna makochi. Na hapo nyumbani inashinda tena: inakupa taarifa. Baada ya siku ile nilijua kitu cha kumfundisha, na nilijua kitu cha kumwambia atakayemchukua. Ila taarifa hiyo ililipiwa kwa mkono wa shati wa mtu mwingine, na ingeweza kulipiwa kwa mkono wenyewe.

Kamba ingebaki shingoni na kifunga mdomo kingekuwa kimevaliwa, isingetokea kitu. Kile cha kikapu nasema, ambacho ndani yake mbwa anafungua mdomo, anahema, anakunywa maji, anapokea nyama. Vile vya kitambaa vinavyobana mdomo usimwachie zaidi ya dakika chache kwa daktari, mbwa anajipooza kwa kuhema na ukimfunga mdomo unamfungia joto ndani. Kinafundishwa polepole wiki moja au mbili, unapaka kitu kitamu ndani achovye pua mwenyewe, mpaka anakiona anakikimbilia. Hiki kinahitajika njia yoyote utakayochagua, na wala sio aibu. Kola za umeme na za miiba achana nazo kabisa, chama cha Marekani cha madaktari wa tabia za wanyama, AVSAB, kwenye tamko lake la 2021 kilisema mbwa wote wafundishwe kwa zawadi, hata wale wakali, na ukiwaza kidogo utaona kwa nini: mgeni anatokea, shingo inauma, mbwa anapata uhakika kwamba wageni ni wabaya.

Kosa lingine ambalo naliona kote kote, nyumbani na kituoni, ni mgeni kumlisha mbwa mkononi ili "wazoeane". Nyama inamvuta mbwa mpaka mahali ambapo hofu yake isingemruhusu kufika, nyama inaisha, anainua macho anajikuta uso kwa uso na mtu asiyemjua. Ng'ato nyingi zinazoitwa za ghafla ni hii. Mgeni akitupa, atupe nyuma ya mbwa, ili kila akila anarudi mbali, na akitaka kusogea tena ni kwa hiari yake.

Karatasi na chanjo

Kabla hajavuka mlango wako pata kwa maandishi mmiliki ni nani (mara nyingi ni kituo), nani analipa daktari, nani anapokea simu saa nane usiku, nani anawajibika aking'ata, na kama ukishindwa anarudi lini. Kama unapanga muulize mwenye nyumba. Na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ukione kwa macho yako, sio kuambiwa. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na karibu visa vyote vya binadamu, mpaka asilimia 99, vinatoka kwa mbwa. Mtu yeyote aking'atwa mpaka ngozi ikachubuka, maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, alafu hospitali sikuhiyohiyo, hata kama mbwa ni wako na unampenda.

Upande wa kituoni haya mengi yamebebwa na kituo, wewe unasaini fomu ya volantia basi.

Njia nyingine, kwa kifupi

Nyumba ya trena, yaani mwalimu wa mbwa. Nzuri kama trena anatumia zawadi na anakuruhusu uone anavyofanya kazi. Asiyetaka uone, usimpe. Na kumbuka mbwa akirudi "amenyooka" amenyooka kwa trena, kwa wageni wako bado ni kuanza upya, japo sio kutoka sifuri.

Dawa. Hii sio njia peke yake ila inaweza kuongezwa kwenye zote. Kuna dawa kama fluoksetini ambazo daktari wa mifugo anaweza kuandika kwa mbwa mwenye hofu iliyopitiliza, zinahitaji wiki nne mpaka sita au zaidi kabla hujaona kitu, kwaiyo sio za kumtuliza leo jioni, ni za kumfungulia nafasi ya kujifunza. Usione haya kuuliza, na usimpe za kwako.

Kuchukua mbwa mwepesi badala yake. Kuna watu wakisikia hivi wanaona wanamsaliti yule wa kizimba cha mwisho. Lakini ukichukua mbwa mama mwenye watoto wanne, umefungua vizimba, wafanyakazi wamepata saa mbili zaidi kwa siku, na hizo saa mbili zinaweza kwenda kwa yule yule. Kwa nyumba yenye mlango wenye watu wengi, hii pamoja na kumtembelea yule mara tatu kwa wiki ndo ningeiweka ya kwanza.

Na lipo la kumlaza, yaani daktari kumchoma sindano afe bila maumivu. Siliruki kwa sababu mtu anayelea mbwa hawa atakutana nalo. Mbwa wa ngazi za juu, aliyefanyiwa kila kitu, asiyeweza kulala, asiyeweza kuona mtu bila kuteseka, uamuzi huo unaweza kuwa wa huruma, na ufanywe na daktari na kituo pamoja, usibebeshwe wewe peke yako kwenye korido. Ukiambiwa "usipomchukua wewe basi", pumua, uombe siku mbili. Kumchukua kwa kutishwa ndo kunaleta watu wanaofungua mlango wa nyuma usiku wakimwombea apotee.

Kwaiyo wewe uko wapi

Mlango mtulivu, hakuna watoto, mko watu wazima wawili au una mtu wa kukupokea ukiugua, mbwa ni wa ngazi ya 1 au 2, una watu watano wa kukubali kuwa wageni wa mazoezi: mchukue nyumbani, anza na wikiendi. Ukikosa moja tu kati ya hayo isipokuwa la mlango, la watoto au la ngazi, linaweza kujazwa kwa mpango. Ukikosa la mlango, la watoto au la ngazi, baki kituoni, na ubaki kwa nguvu, siku zilezile saa zilezile, umtoe kizimbani kabla watembeleaji hawajaanza kuingia, mkae sehemu ya nyuma ambapo wavu umezibwa na turubai asione miguu ya watu (omba wazibe, ni dakika kumi na inambadilishia siku nzima), na uwalete wengine mmoja mmoja ili asiwe wa kwako peke yako. Ukiweza, changanya: aishi kizimbani, alale kwako usiku mmoja kila baada ya wiki mbili. Kwa yule wangu wa pili nilifanya hivyo na nikipewa tena nachagua hivyo hivyo.

Na kama una kazi ya kusafiri safiri, usimchukue nyumbani. Mbwa mwingine utamwachia jirani siku tatu. Huyu jirani ni mgeni.

Bobi alikaa kwangu miezi saba. Aliyemchukua ni mama mmoja mtu mzima anayeishi peke yake, na alikuja mara tisa kabla. Mara ya kwanza alisimama ng'ambo ya barabara dakika kumi akaondoka, wala hakuambiwa sababu mara mbili. Mara ya nne walitembea pamoja, mimi katikati, Bobi na kifunga mdomo chake na kamba mbili. Kati ya mara ya tano na ya sita aliniachia kanga yake aliyolalia, nikaitandika chini ya bakuli la chakula. Mara ya saba aliingia ndani akakaa kwenye kiti kilekile cha shemeji, Bobi amefungwa kamba kwenye mguu wa kabati, na tulifanya zoezi moja tu jioni nzima: mama anainuka kidogo, nyama inaanguka nyuma ya Bobi, mama anakaa. Anainuka nusu, nyama, anakaa. Magoti yalikuwa yanamuuma lakini hakusema, nilijua baadaye.

Mara ya tisa tulikuwa tunaongea mambo mengine kabisa, mama akasema "ngoja mwanangu nikachukue miwani yangu kwenye mkoba", akasimama wima, akavuka chumba. Bobi aliinua kichwa. Mi niliacha kupumua. Akamwangalia mpaka kwenye mkoba, akanigeukia mimi, akaangalia sakafu nyuma yake kama kuna kipande kimeanguka, hakukiona, akarudisha kichwa kwenye blanketi.